Matunzo na Usafishaji Salama wa Taa za Tyubu katika Majengo ya Taasisi: Ufafanuzi wa Hatari na Utaratibu wa Kazi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutunza na kusafisha taa za tyubu kwa usalama katika majengo ya taasisi, hususani vyuo na shule nchini Tanzania. Hoja ya msingi ni kwamba kusafisha taa hizi ni kazi ya umeme kabla ya kuwa kazi ya usafi. Taasisi inapoikabidhi kazi hiyo kwa mhudumu wa usafi peke yake, inamkabidhi pia hatari tatu ambazo hakufundishwa kuzitambua: umeme uliobaki ndani ya taa, kimo cha dari, na zebaki iliyomo ndani ya tyubu. Makala yanaanza kwa kueleza sehemu za taa na jinsi zinavyofanya kazi, kisha yanaonesha kwa hesabu faida ya kusafisha, yanachambua hatari hizo tatu, na kutoa utaratibu wa kazi pamoja na mgawanyo wa majukumu. Mwisho yanajadili tyubu iliyovunjika, uhifadhi wa tyubu chakavu, na tyubu za LED zinazofungwa katika bodi za zamani.

1.0 Utangulizi

Taa za tyubu ziliingia sokoni nchini Marekani mwaka 1938, na baadaye zikaenea duniani kote kama taa kuu za madarasa, ofisi, wodi na maktaba. Sababu ya kuenea kwake ni nyepesi kueleweka. Kwa kila wati moja ya umeme, taa ya tyubu hutoa mwanga mwingi mara kadhaa kuliko balbu ya waya, na hudumu kwa maelfu ya saa. Katika miaka ya karibuni taa za LED zimechukua nafasi hiyo kwa kasi. Msomaji anaweza basi kuuliza iwapo kuna haja ya kuandika juu ya matunzo ya taa inayoelekea kutoweka.

Haja ipo, na inatokana na kutoweka huko. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, ambao Tanzania ni mmojawapo, zilikubaliana katika mkutano wao wa tano mjini Geneva mwaka 2023 kukomesha utengenezaji na uingizaji wa tyubu za mwanga. Aina ya zamani inakomeshwa kufikia mwaka 2026, na aina mpya zaidi kufikia mwaka 2027. Makubaliano hayo hayalazimishi kung'olewa kwa taa ambazo tayari zimefungwa. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo majengo yatabaki na bodi zilizozeeka, holda zilizokauka na vipuri vinavyozidi kuadimika; wakati huohuo, tyubu nyingi zitakuwa zikishushwa kutoka darini. Kipindi cha mwisho cha maisha ya teknolojia hii ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi kwa mtu anayeigusa kwa mikono.

Mtu huyo mara nyingi ni mhudumu wa usafi. Katika ratiba yake, taa huorodheshwa pamoja na madirisha, feni na kona zenye utando wa buibui. Hupewa ndoo, kitambaa na kiti cha kusimamia. Makala haya yanalenga kuwaonesha wasimamizi wa majengo na watafiti wa usalama kazini kwa nini mpangilio huo haufai, na ni mpangilio upi uchukue nafasi yake.

2.0 Sehemu za Taa na Namna Zinavyofanya Kazi

Ni vyema kubainisha istilahi zitakazotumika. Tyubu ni mrija wa kioo wenye gesi ya agoni kwa shinikizo dogo na kiasi kidogo cha zebaki. Ndani ya kila ncha mna waya mwembamba wa tangisteni uliopakwa kemikali zinazotoa elektroni kwa urahisi. Ukuta wa ndani wa kioo umepakwa unga mweupe. Umeme unapopita ndani ya gesi, atomi za zebaki hutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na unga ule huibadilisha miale hiyo kuwa mwanga mweupe.

Choki ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye vipande vya chuma. Kazi yake ni kudhibiti mkondo, kwa kuwa gesi ikishaanza kupitisha umeme haina uwezo wa kujizuia. Bila choki, mkondo ungeongezeka hadi kuharibu taa. Stata ni kikopo kidogo chenye swichi inayojifunga na kujifungua kwa joto. Stata inapofunga, waya za ncha mbili za tyubu hupata moto; inapofungua, choki hutoa msukumo mkubwa wa volti unaoiwasha gesi. Bodi nyingi zina pia kapasita, inayopunguza mzigo usio wa lazima kwenye mfumo wa umeme. Taa mpya zaidi hutumia choki ya kielektroniki, ambayo haihitaji stata na huondoa mpepeso unaotokea mara 100 kwa sekunde katika umeme wa mizunguko 50.

Holda ni vishikio viwili vya plastiki vinavyopokea pini za tyubu. Bodi ni kasha la chuma linalobeba vyote hivyo, nalo sharti liunganishwe na waya wa ethi. Juu ya bodi huweza kuwapo akisi ya alumini au kifuniko cha plastiki kinachotawanya mwanga. Tyubu zinazopatikana zaidi ni za unene wa milimita 38, 26 na 16. Yenye unene wa milimita 26 na urefu wa milimita 1,200 hutumia wati 36, na ndiyo itakayotumika hapa kama mfano.

3.0 Umuhimu wa Kusafisha: Mfano wa Hesabu

Vumbi, moshi, mabaki ya wadudu na kinyesi cha mijusi hujikusanya juu ya tyubu na akisi kidogo kidogo, kiasi kwamba watumiaji wa chumba hawatambui upungufu wa mwanga. Katika miji ya pwani hewa yenye chumvi huongeza tatizo jingine: huanzisha kutu kwenye bodi na kwenye viunganisho vya holda.

Athari ya uchafu inaweza kupimwa. Tuchukulie ukumbi wa kusomea wenye urefu wa mita 12, upana wa mita 10 na kimo cha mita 3. Ukumbi una bodi 20, kila moja ikiwa na tyubu mbili za wati 36. Tyubu mpya ya aina bora hutoa takribani lumeni 3,350. Tyubu 40 zitatoa lumeni 134,000. Tukichukulia kwamba asilimia 55 ya mwanga huo hufika mezani, eneo la mita za mraba 120 litapata wastani wa laksi 614 siku ya kwanza.

Wasanifu wa mwanga hawahesabu siku ya kwanza pekee. Hutumia kigezo cha matunzo, yaani sehemu ya mwanga inayobaki baada ya tyubu kuchakaa na vumbi kutanda. Pakiwa na matunzo mazuri, kigezo cha 0.8 ni cha kawaida, na ukumbi wetu utabaki na laksi 491, kiwango kilicho karibu na laksi 500 zinazopendekezwa na kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1 kwa sehemu za kusomea maktaba. Matunzo yakiwa hafifu na kigezo kikashuka hadi 0.6, zitabaki laksi 368 tu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mita ya umeme haitambui vumbi. Kila tyubu pamoja na choki yake hutumia takribani wati 45, hivyo ukumbi hutumia wati 1,800, uwe safi au mchafu. Kwa saa 10 kwa siku, hizo ni yuniti 18. Mwanga ukipungua kwa asilimia 40 kutokana na vumbi na uchakavu, taasisi inalipia kila siku yuniti 7.2 ambazo mwanga wake haumfikii msomaji. Suluhisho linalokimbiliwa mara nyingi, yaani kuongeza taa nyingine, huongeza gharama na kuacha tatizo mahali pake. Kusafisha mara moja kwa mwaka katika ofisi tulivu, na kila baada ya miezi sita katika majengo ya kando ya barabara za vumbi au ufukweni, ni ratiba inayofaa.

4.0 Hatari Tatu za Kazi Hii

4.1 Umeme

Kosa la msingi katika kusafisha taa ni kudhani kwamba taa iliyozimwa ni taa isiyo na umeme. Kuna sababu kadhaa zinazofanya dhana hiyo kuwa ya hatari.

Kwanza, swichi ya ukutani inaweza kuwa imefungwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Kosa hili la ufungaji haligunduliki kwa kutumia taa, maana taa huwaka na kuzimika kama kawaida; lakini swichi ikiwa imezimwa, waya wa moto bado unafika hadi kwenye choki na holda. Mhudumu anayegusa holda kwa kitambaa kibichi akiwa amezima swichi anaweza kupigwa na volti 230.

Pili, kukatika kwa umeme si kuzimwa kwa umeme. Baadhi ya wahudumu huona wakati wa mgao kuwa fursa nzuri ya kusafisha taa, kwa kuwa hakuna kazi inayoendelea ofisini. Umeme huo hurudi bila taarifa. Pale penye jenereta inayojiwasha yenyewe, hurudi baada ya sekunde chache. Wakati wa umeme kukatika usihesabiwe kamwe kuwa wakati salama wa kufungua bodi.

Tatu, bodi moja inaweza kubeba nyaya za saketi zaidi ya moja, hasa katika majengo yaliyoongezewa vyumba. Taa za dharura nazo zina betri yake ndani, na hubaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa. Nne, kapasita huhifadhi chaji kwa muda baada ya umeme kuzimwa. Ikiwa kizuizi cha kuiondoa chaji hiyo kimekufa, muda huo huwa mrefu. Tano, tyubu yenyewe huweza kuwa njia ya umeme. Ncha moja ikiwa ndani ya holda yenye umeme na mtu akagusa pini za ncha ya pili, mkondo unaweza kupita ndani ya gesi hadi mkononi mwake.

4.2 Kimo

Shoti ndogo isiyoweza kumdhuru mtu aliyesimama sakafuni inaweza kumwangusha aliye juu ya ngazi. Hatari ya umeme na hatari ya kimo, kwa hiyo, zinapaswa kutazamwa pamoja. Desturi ya kupandisha kiti juu ya meza darasani ni ya kukomeshwa kabisa, kwa sababu mikono yote miwili ya msafishaji inahitajika juu kushika tyubu na hakuna unaobaki kumshikilia. Ngazi ya miguu minne ya mbao au ya nyuzi za kioo ndiyo inayofaa. Ngazi ya alumini hupitisha umeme. Ngazi ifunguliwe hadi mwisho, isimamishwe penye sakafu kavu, na mtu wa pili awepo chini kuishikilia na kupokea tyubu.

4.3 Kioo na Zebaki

Mkataba wa Minamata uliweka ukomo wa miligramu 5 za zebaki kwa tyubu za aina mpya zilizo chini ya wati 60, na miligramu 10 kwa tyubu za aina ya zamani zisizozidi wati 40. Tyubu zilizotengenezwa kabla ya viwango hivyo huweza kuwa na zaidi. Zebaki hii si sawa na ile iliyowadhuru wakazi wa Minamata nchini Japani, ambayo ilikuwa methili-zebaki iliyoingia mwilini kupitia samaki. Iliyomo ndani ya tyubu ni zebaki halisi, na madhara yake makuu hutokana na kuvuta mvuke wake, unaoathiri mfumo wa fahamu na figo.

Ukubwa wa hatari hutegemea ukubwa wa chumba. Katika ukumbi wetu wa mita za ujazo 360, miligramu 5 zikigeuka zote kuwa mvuke na kubaki hewani zitatoa takribani mikrogramu 14 kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani limependekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 1, lakini ukumbi huo ukifunguliwa madirisha mvuke hupungua upesi, na zebaki yote haigeuki mvuke kwa mara moja. Sehemu kubwa hunata kwenye unga mweupe na kutoka taratibu kwa siku nyingi.

Sasa tuchukue stoo ya wahudumu yenye urefu na upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.5, isiyo na dirisha. Ujazo wake ni mita 10. Miligramu zilezile 5 zingeweza kufikisha mikrogramu 500 kwa mita ya ujazo, ambazo ni mara 20 ya mikrogramu 25 zilizopendekezwa na jopo la wataalamu wa afya kazini la Marekani, ACGIH, kuwa ukomo kwa siku ya kazi ya saa nane. Hesabu hii ni ya hali mbaya kupita zote, lakini inaonesha jambo linalosahaulika. Ukumbi ambamo tyubu ilivunjikia si lazima uwe ndio wenye hatari kubwa. Stoo ambamo vipande vyake vimehifadhiwa ndani ya ndoo isiyo na kifuniko inaweza kuwa na hatari zaidi, na humo ndimo mhudumu anamobadilishia nguo, na pengine kula chakula cha mchana.

5.0 Utaratibu wa Kazi

5.1 Mgawanyo wa Majukumu

Kutokana na uchambuzi huo, kazi igawanywe katika mikono miwili. Kuzima saketi, kuthibitisha kwamba hakuna umeme, kufungua bodi, kukagua nyaya na kurudisha umeme ni jukumu la fundi umeme mwenye leseni. Kuosha vifuniko na kufuta tyubu zilizokwisha kushushwa ni jukumu la mhudumu wa usafi. Mhudumu asipande kuigusa taa kabla ya fundi kumwambia kwamba saketi imekufa. Taasisi inapokodi kampuni ya usafi, mgawanyo huu uandikwe ndani ya mkataba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake, na neno "kusafisha taa" lililoandikwa bila ufafanuzi katika orodha ya kazi halitimizi wajibu huo.

5.2 Hatua za Kufuata

(i) Watumiaji wa chumba waarifiwe, na meza zilizo chini ya taa ziondolewe au zifunikwe.

(ii) Fundi azime breka ya saketi husika kwenye kisanduku cha umeme, aifunge kwa kufuli na kutundika kibao cha onyo. Funguo abaki nayo mwenyewe. Jenereta ya jengo, kama ipo, izuiwe isilishe saketi hiyo.

(iii) Tyubu ziachwe zipoe. Kioo chenye moto kikiguswa na kitambaa kibichi huweza kupasuka.

(iv) Fundi athibitishe kwa kipimo cha ncha mbili kwamba hakuna umeme kati ya waya wa moto na nyutro, kati ya waya wa moto na ethi, na kati ya nyutro na ethi. Kipimo chenyewe kijaribiwe kwanza kwenye chanzo kinachojulikana kuwa na umeme, na kijaribiwe tena baadaye. Testa ya bisibisi haitoshi: inategemea mwili wa anayeishika, mwanga wake ni hafifu, na ikifa haitoi taarifa. Kwa tahadhari ya kapasita, angalau dakika tano zipite kabla ya kugusa nyaya.

(v) Kifuniko kishushwe, kisha tyubu ishikwe karibu na ncha zote mbili, izungushwe robo mzunguko hadi pini zilingane na uwazi wa holda, na itolewe bila nguvu. Ikikataa, holda ikaguliwe. Plastiki iliyokauka kwa joto huvunjika ghafla na kuiachia tyubu.

(vi) Mtu wa chini aipokee tyubu na kuilaza juu ya kitambaa penye mpaka, isije ikabiringika.

(vii) Bodi isafishwe kwanza kwa brashi kavu na laini, kuanzia juu kwenda chini, kisha kwa kitambaa kilichokamuliwa. Maji au dawa visipulizwe moja kwa moja kwenye bodi. Kitambaa ndicho kilowanishwe, tena mbali na taa.

(viii) Fundi akague ethi, nyaya, choki na holda, na kukaza viunganisho vilivyolegea.

(ix) Kila kitu kikiwa kikavu kabisa, tyubu zirudishwe, zizungushwe hadi zikae sawasawa, na kifuniko kifungwe.

(x) Watu washuke kwenye ngazi kwanza, ndipo fundi aondoe kufuli na kuwasha. Tarehe ya kazi na kasoro zilizoonekana ziandikwe kwenye daftari la matunzo.

5.3 Vitu vya Kusafishia

Maji vuguvugu yenye sabuni laini ya kuoshea vyombo yanatosha kwa tyubu na vifuniko. Baadhi ya vitu vilivyozoeleka katika usafi wa nyumbani havifai hapa. Jivu na magadi hushambulia alumini ya akisi na kuifanya ififie. Steelwaya hukwaruza akisi na plastiki. Dawa zenye amonia na vimiminika vya kuondolea rangi hupasua plastiki ya polikaboneti. Kifuniko cha plastiki kikishaoshwa kiachwe kichuruzike na kukauka chenyewe. Kukisugua kwa kitambaa kikavu hukipa chaji ya umeme tuli, nayo huvuta vumbi upya ndani ya muda mfupi.

5.4 Kusoma Dalili za Taa

Usafi ni fursa ya ukaguzi. Weusi kwenye ncha za tyubu ni dalili ya kemikali za waya kuisha. Tyubu hiyo inaelekea mwisho wa maisha yake. Ncha zinazong'aa huku katikati pakiwa giza huashiria stata iliyoganda katika hali ya kufunga. Taa inayopepesa bila kuwaka isiachwe hivyo kwa siku kadhaa: kila jaribio la kuwasha hupitisha kwenye choki mkondo mkubwa kuliko wa kawaida, na joto hilo huchosha insulesheni ya koili. Tyubu inapobadilishwa, stata nayo ibadilishwe, kwa kuwa bei yake ni ndogo na stata mbovu hufupisha maisha ya tyubu mpya. Choki inayovuma sana, inayotoa harufu ya kuungua au kuvuja kitu kama lami, pamoja na holda iliyogeuka rangi ya kahawia, ni sababu ya kuizima taa na kumwita fundi siku hiyohiyo.

6.0 Tyubu Inapovunjika

Mwitikio wa kwanza wa mtu yeyote ni kuchukua ufagio, nao ndio mwitikio usiofaa. Ufagio huigawa zebaki katika matone madogo zaidi, huuinua unga hewani, na nyuzi zake huibeba hadi chumba kinachofuata. Mashine ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi, kwani huipasha moto zebaki na kuitoa hewani kupitia tundu la nyuma.

Utaratibu unaofaa ni huu. Watu wote watoke, hasa watoto na wajawazito. Feni na kiyoyozi vizimwe, madirisha yafunguliwe, na chumba kiachwe kwa dakika 10. Msafishaji arudi akiwa amevaa glavu za mpira na viatu vilivyofunika miguu. Vipande vikubwa viokotwe kwa mkono, vidogo vikusanywe kwa vipande viwili vya kadibodi ngumu, na unga uliobaki uondolewe kwa utepe wa gundi na kisha kwa karatasi au kitambaa kibichi. Vyote hivyo, pamoja na kitambaa na kadibodi, viingizwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko au mfuko mzito wa plastiki uliofungwa, na vitolewe nje ya jengo mara moja. Mikono ioshwe kwa sabuni, na madirisha yaachwe wazi kwa saa kadhaa. Nguo iliyomwagikiwa unga au vipande isiingizwe kwenye mashine ya kufulia.

7.0 Uhifadhi na Utupaji wa Tyubu Chakavu

Tyubu iliyokufa bado ina zebaki yake yote. Isivunjwe ili ipate kuenea kwenye pipa, na isitupwe shimoni ambamo taka huchomwa, kwa kuwa moto huigeuza zebaki kuwa mvuke papo hapo mbele ya anayechoma. Ihifadhiwe nzima, ndani ya boksi lililokuja na tyubu mpya, mahali pakavu penye hewa, paliposimikwa alama ya onyo na pasipotumiwa na watu kupumzikia. Zikifika idadi ya kutosha, zikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na hati ya makabidhiano itunzwe.

Choki za zamani nazo zina soko, kwa kuwa shaba yake hununuliwa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu. Hapa pana tahadhari. Baadhi ya kapasita zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zilijazwa mafuta ya PCB, kemikali zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Bodi ya umri huo isivunjwe kwa nyundo wala kapasita yake isichomwe. Itengwe pamoja na taka hatarishi.

8.0 Tyubu za LED katika Bodi za Zamani

Taasisi nyingine hubakiza bodi na kubadilisha tyubu tu. Njia hii huokoa fedha, lakini huzaa hatari mpya kwa mtu atakayekuja kusafisha baadaye. Kuna tyubu za LED zinazoruhusu choki kubaki, mradi stata iondolewe na kipachikwe kijistata maalumu kilichokuja nayo. Kuna nyingine zinazohitaji choki iondolewe kwenye saketi na umeme upelekwe moja kwa moja kwenye holda. Katika ufungaji wa upande mmoja, waya wa moto na nyutro hukaa kwenye pini mbili za holda ileile. Mtu asiyejua akirudisha tyubu ya zamani mahali hapo, waya wake mwembamba utapokea volti zote 230 bila kizuizi, na ncha ya tyubu inaweza kupasuka usoni mwake.

Kwa sababu hiyo, kila bodi iliyobadilishwa nyaya iwekewe lebo ya kudumu inayotaja aina ya tyubu inayokubalika, na upande wenye umeme. Bodi mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kuwa na nyaya tofauti kabisa ndani yake, na mhudumu aliye juu ya ngazi hana njia nyingine ya kuzitofautisha.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamebainisha kwamba usafishaji wa taa za tyubu una faida inayopimika, na kwamba hatari zake hazionekani kwa mtu anayeitazama kazi hiyo kama sehemu ya usafi wa kawaida. Swichi iliyozimwa, umeme uliokatika na tyubu iliyokufa vyote vina sura ya utulivu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachothibitisha usalama.

Inapendekezwa kwamba taasisi, kwanza, ziandike mgawanyo wa majukumu kati ya fundi na mhudumu wa usafi, na kuuingiza katika mikataba. Pili, ziwe na kufuli, kibao cha onyo, kipimo cha ncha mbili na ngazi isiyopitisha umeme kabla ya kupanga ratiba yoyote ya kusafisha. Tatu, zihamishe tyubu chakavu kutoka katika stoo za wahudumu. Nne, ziweke lebo katika kila bodi iliyobadilishwa nyaya. Kwa watafiti, eneo linalohitaji kushughulikiwa ni upimaji wa mvuke wa zebaki katika stoo hizo, hasa katika kipindi hiki ambacho tyubu zinashushwa kwa wingi. Hesabu iliyotolewa hapa inaonesha kinachowezekana. Vipimo vya uwandani ndivyo vitakavyoonesha kilichopo.